Sheria ya Mvutano na Kikwazo Tunachoambiwa Tusikitaje

Utaratibu wenyewe ni rahisi, na ndiyo maana umependwa. Unanunua daftari. Asubuhi unaandika unachokitaka mara tatu, mchana mara sita, usiku kabla ya kulala mara tisa. Unaandika kana kwamba umeshakipata: unashukuru kwa nyumba yako ya Kigamboni wakati bado unadaiwa kodi ya chumba Tandika. Wengine hubandika ukutani picha za gari, za harusi, za viza, wakazitazama kila wanapoamka. Baada ya hapo linabaki sharti moja, nalo ndilo zito: usiwe na shaka. Usiwaze kukosa, usitaje kikwazo, tena ujitenge na watu wanaokitaja, kwa kuwa unachokiwaza ndicho unachokivuta.

Hii ndiyo sheria ya mvutano, ambayo vijana mtandaoni huiita kumanifesti. Watu wenye busara zao huuliza, wakati mwingine kwa aibu kidogo, kama ina msingi wowote wa kisayansi au ni maneno ya kuuzia semina. Jibu fupi ni kwamba, kama sheria ya maumbile, haina msingi. Jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu ndani yake mna vipande vya kweli vilivyopimwa, na lile sharti la kutotaja kikwazo limepimwa pia. Limepimwa likaanguka vibaya.

Wengi walilisikia jambo hili baada ya mwaka 2006, pale Rhonda Byrne, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni kutoka Australia, alipotoa filamu na kisha kitabu, vyote kwa jina la The Secret. Mapema 2007 Oprah Winfrey alilizungumzia kwenye kipindi chake, na kitabu kikauzwa mamilioni ya nakala. Kilinadiwa kama siri ya kale. Ukifuatilia, siri hiyo umri wake unakaribiana na wa reli ya Mombasa hadi Kisumu. Katikati ya karne ya 19, huko Maine nchini Marekani, fundi saa aitwaye Phineas Quimby alianza kuwatibu watu akiamini kwamba maradhi hutokana na imani potofu za mgonjwa mwenyewe. Mawazo yake yakazaa vuguvugu la Fikra Mpya. Mwaka 1906 William Walker Atkinson, mwanasheria aliyehamia Chicago, akachapisha kitabu kilichoieleza sheria ya mvutano kwa lugha ya mitetemo na mawimbi. Wakati huo ulimwengu ulikuwa bado umeduwaa kwa habari ya Marconi, aliyetangaza mwaka 1901 kwamba amepokea ishara iliyovuka Atlantiki bila waya. Kama ishara huvuka bahari, wazo lishindwe kwa nini? (Atkinson huyohuyo, mzaliwa wa Baltimore, aliandika pia vitabu vya yoga kwa jina la Yogi Ramacharaka. Biashara ya kujipamba kwa hekima ya mbali haikuanza na mitandao.)

Dai lake basi ni kwamba wazo ni wimbi, kwamba ubongo hulirusha wimbi hilo, na kwamba ulimwengu hulipokea na kukurudishia kitu cha namna ileile.

Mwanzo wa dai hilo una ukweli. Ubongo hufanya kazi kwa umeme, na umeme huo hupimika. Wa kwanza kuupima kwa binadamu alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, mjini Jena mwaka 1924, na kisa chake kinastahili nafasi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akitafuta kitu cha jamii hii. Akiwa kijana jeshini, mwanzoni mwa miaka ya 1890, alianguka kutoka juu ya farasi akanusurika kupondwa na gurudumu la mzinga. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu asiyojua chanzo chake, akamsihi baba yao apeleke telegramu kumuulizia. Berger aliamini kwamba hofu yake ilisafiri ikamfikia ndugu yake, na swali la nini kiliibeba halikumtoka miaka yote iliyofuata.

Alichokipata ni mawimbi ya ubongo, na dunia inamshukuru: vipimo vya EEG vinavyotumiwa leo kuchunguza kifafa vinatokana na kazi yake. Mjumbe wa kupeleka habari kwa dada hakumpata. Mawimbi hayo, yakipimwa juu ya ngozi ya kichwa, ni sehemu za milioni za volti, dhaifu kiasi kwamba elektrodi hubandikwa kwenye ngozi yenyewe. Usumaku unaotokana nayo ni dhaifu zaidi. Ule wa dunia, unaoigeuza sindano ya dira, unauzidi mara mamia ya mamilioni. Wanaoupima humketisha mtu ndani ya chumba kilichozungushiwa tabaka za metali, la sivyo lifti ya jengo au gari linalopita nje litaufunika. Sasa lichukue wazo lako la Land Cruiser, ambalo chombo kilicho sentimita chache kutoka kichwani hakilipati kwa sababu ya lifti, ulitarajie lifike yadi ya magari na kushusha bei.

Wakibanwa hapo, walimu wa sheria hii hukimbilia fizikia ya kwanta. Wanasema wanafizikia wamegundua kuwa mtazamaji hubadilisha kinachotazamwa. Ni kweli kwamba chembe ndogo kama elektroni zikipimwa huonyesha tabia ambayo hazikuionyesha kabla. Lakini kupima huko ni chembe kugusana na chombo au mwanga. Acha chombo kifanye kazi peke yake usiku kucha, mafundi wote wamelala, asubuhi utakuta matokeo ni yaleyale. Tena hata mtafiti akikesha, hana uwezo wa kuiamuru elektroni iangukie upande anaoutaka. Matokeo ya kipimo kimoja hutokea kwa bahati nasibu, na nia yake haiongezi wala haipunguzi. Anayekwambia kwamba kwanta inathibitisha matakwa ya moyo amechukua sehemu ya fizikia ambayo matakwa hayana kauli ndani yake. Kuhusu sumaku zenyewe, ambazo hutolewa kama mfano kwamba vinavyofanana huvutana, aliyewahi kushika mbili darasani anajua kwamba ncha zinazofanana husukumana.

Fizikia tuiache hapo. Kuna watu wazima wenye akili zao watakaokwambia, “Mimi niliandika, na nikapata.” Siwaiti waongo. Walipata kweli. Cha kuuliza ni njia gani ilitumika.

Njia moja ni macho. Ukishaamua kwamba unataka Toyota IST ya bluu, wiki hiyo barabara ya Bagamoyo itajaa IST za bluu, ingawa hakuna hata moja iliyoongezeka. Richard Wiseman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire huko Uingereza, aliwapa gazeti watu wanaojiona wana bahati na wanaojiona wana nuksi, akawaambia wahesabu picha zilizomo. Ukurasa wa pili kulikuwa na maandishi makubwa yanayosema acha kuhesabu, picha ni 43. Wenye bahati walielekea kuyaona maandishi hayo. Wenye nuksi, waliojikaza na kuhesabu kwa wasiwasi, walielekea kuyapita. Anayetarajia mema huinua uso, na aliyeinua uso huona vilivyopo. Njia nyingine ni mdomo: anayejua anachokitaka hukitaja. Akiwa msibani au kijiweni atasema anatafuta kiwanja, na aliyekaa mtu wa tatu kutoka kwake ana shemeji anayeuza. Ulimwengu uliosikia ombi lake ni huyo shemeji.

Haya yote ni mema na ni ya kweli. Yachukue.

Kilichobaki ni hesabu mbovu. Daftari la matakwa halina ukurasa wa yasiyotokea, na anayepewa kipaza sauti kutoa ushuhuda ni yule aliyepata. Waliobandika picha zilezile wakakosa wako nyumbani na hakuna anayewatafuta. Ukitaka kuipima sheria hii kwa haki, andika leo mambo kumi unayoyavuta, kila moja na tarehe yake ya mwisho, na useme mapema ni nini kitakachokufanya ukubali kwamba halikuja. Kisha mpe rafiki asiyekuonea haya alitunze daftari. Wengi hawataki jaribio hili, na sababu wanayoitoa ni kwamba kupima ni dalili ya shaka.

Lile sharti tena. Tulitazame sasa kwa utulivu, maana hapa ndipo utafiti una mengi ya kusema.

Gabriele Oettingen ni mwanasaikolojia Mjerumani wa Chuo Kikuu cha New York na cha Hamburg. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 waliokuwa wakipunguza uzito kwenye programu maalumu. Waliwauliza mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kwanza, je, unatarajia kufanikiwa? Pili, jione umeshamaliza, uko matembezini na rafiki, au umekutana na donati mezani. Nini kinapita kichwani? Waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi, kama ambavyo ungedhani. Lakini wale ambao ndoto zao zilikuwa tamu tupu, waliojiona wembamba wakizipita donati bila hata kumeza mate, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamepungua kilo 11 pungufu kuliko wale ambao hata ndotoni waliona majaribu yakiwashinda. Watu 25 ni wachache mno, na kama utafiti ungekuwa huo peke yake nisingekusumbua nao.

Ila jambo hilo limejirudia kwa sura nyingine. Mwaka 2002, Oettingen na Doris Mayer waliandika juu ya wahitimu wa chuo kikuu Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozoea kujiona ndani ya kazi nzuri, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache zaidi, wamepewa nafasi chache zaidi, na mishahara yao ilikuwa midogo. Wanafunzi waliompenda mtu kimoyomoyo na kujichorea mapenzi matamu walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na uhusiano na mtu huyo. Wagonjwa waliosubiri kubadilishiwa nyonga, wakajiona wakitembea bila taabu, walipona vibaya zaidi katika wiki za mwanzo kuliko waliofikiria maumivu na magongo. Katika makundi yote haya, aliyetarajia mema kwa kupima uwezo wake alifanya vizuri, na aliyejilisha picha tamu alibaki nyuma.

Sababu yake nayo imetafutwa. Mwaka 2011 Heather Kappes na Oettingen walionyesha kwamba mtu akielekezwa kuona ndotoni kwamba ameshapata anachokitaka, shinikizo lake la damu hushuka. Mwili unalegea. Ni sawa na mpishi aliyeonja pilau mpaka akashiba kabla sahani hazijapangwa: njaa ya kumsukuma kupakua imekwisha. Ndiyo maana ukifunga daftari usiku unajisikia vizuri, na hisia hiyo nzuri hudhaniwa kuwa ishara kwamba mambo yameanza kusogea. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 uliongeza jambo linalofaa kuangaliwa na yeyote anayepitia kipindi kigumu: ndoto tamu ziliendana na huzuni ndogo kwa wakati ule, na huzuni kubwa zaidi miezi iliyofuata.

Usinielewe vibaya kwamba kufumba macho na kuona mbele ni ujinga. Wanariadha hufanya hivyo kila siku. Cha kuangalia ni unachokiona. Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwagawa wanafunzi waliokaribia mtihani. Baadhi walijiona kila siku wakitazama ubao wa matokeo na kushangilia. Wengine walijiona wameketi mezani, vitabu viko wazi, wamezima redio, rafiki anawaita watoke nao wanakataa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: wa kundi la pili walianza kusoma mapema, walisoma saa nyingi zaidi, na walipata alama za juu zaidi. Kwa hiyo kama lazima ubandike picha ukutani, bandika ya meza.

Mtu anaweza kusema, basi ubaya wake ni nini? Kama ni ndoto tu, haimdhuru yeyote. Inamdhuru anayeitumia kuamua mambo ya pesa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Lucas Dixon na wenzake, waliwachunguza watu 1,023 na kuchapisha matokeo mwaka 2023. Wanaoiamini sana sheria ya mvutano walijiona wamefanikiwa zaidi na waliutazama mustakabali kwa tumaini kubwa zaidi. Walielekea pia kupenda vitega uchumi vya hatari, kuamini kwamba wanaweza kutajirika haraka, na kuwa wamewahi kufilisika. Utafiti wa aina hii hauonyeshi kipi kilimzaa mwenzake, imani au kufilisika. Lakini ukiwa na watu walioambiwa wasitamke shaka, huhitaji ujanja mwingi kuwauzia chochote. Watanzania wana kumbukumbu ya DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009 na ambao viongozi wake walitiwa hatiani baadaye. Mwanachama hakuambiwa anacheza upatu. Aliambiwa anapanda mbegu na atavuna, na aliyeuliza pesa za mavuno zinatoka wapi alionekana ana roho ya kukatisha tamaa.

Sasa la kufanya. Oettingen na mumewe, Peter Gollwitzer, ambaye naye ni mwanasaikolojia, wamefanyia kazi njia inayochukua ndoto na kuiwekea kile kilichokatazwa. Unaanza na tamanio lako, moja, la muda unaoweza kuuona, na ulipe nafasi: lifikie mwisho, lione lilivyo tamu, dakika moja au mbili. Kisha, bila kupumzika, jiulize ni kitu gani ndani yangu mimi kinachonizuia. Usianze na serikali, wala riba ya benki, wala wachawi wa mtaa wa pili. Tafuta tabia yako, woga wako, kauli unayoshindwa kuitoa. Utaratibu huu lazima ufuatwe hivyo, utamu kwanza na kikwazo baadaye. Ukianza na kikwazo unaishia kulalamika.

Chukua mama mwenye genge anayetaka friji ili juisi na samaki visimharibikie. Friji la shilingi laki tisa. Akifumba macho anaona wateja wa mchana, hasara ya samaki imekwisha, mtoto amelipiwa ada bila kukopa. Vizuri. Kikwazo? Mara ya kwanza atasema biashara ni ngumu. Akikaa kidogo atagundua kwamba fedha huwa inaingia, ila kila ikifika laki mbili, mdogo wake hupiga simu na yeye hawezi kusema hapana. Hapo amelipata jambo la kufanyia kazi, na halikuwa kwenye ubao wa picha.

Hatua ya mwisho ni kupanga kwa sentensi yenye pande mbili: likitokea hili, nitafanya lile. “Nikifunga genge jioni, kabla sijavua aproni, nitaweka elfu tano kwenye kibubu.” “Mdogo wangu akipiga kuomba hela, nitamwambia nitamjibu kesho asubuhi.” Kwa elfu tano kila siku anayofanya kazi, friji liko siku 180 mbele yake. Sentensi za namna hii zinaonekana ndogo mno kubadilisha chochote, nami ningewacheka wanaozifundisha kama zisingekuwa zimepimwa sana. Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 mwaka 2006, wakakuta zinasaidia kwa kiwango cha kutosha kuonekana katika maisha. Katika jaribio moja la awali, wanafunzi wa Ujerumani walitakiwa kuandika ripoti katika siku mbili za Krismasi. Kati ya waliotaja mapema ni saa ngapi na mahali gani wataandikia, takriban robo tatu waliandika. Kati ya waliokuwa na nia tu, ni kama theluthi. Sababu ni kwamba ukishasema “nikishuka kituoni Mbezi nitapita maktaba kabla ya nyumbani,” kituo chenyewe ndicho kinachokukumbusha. Hungoji hamu ije.

Kuna tokeo jingine la njia hii ambalo walimu wa sheria ya mvutano hawawezi kulitoa, na kwangu ndilo la thamani zaidi. Wakati mwingine ukikiweka kikwazo mbele ya tamanio, unaona kwamba kikwazo ni kikubwa na tamanio halikustahili. Mtu wa miaka 45 aliyekuwa akijiona daktari bingwa anakaa, anahesabu miaka ya masomo, watoto watatu, mzazi mgonjwa, na anaachilia. Majaribio ya Oettingen yalionyesha hivyo: wenye matumaini ya kweli waliongeza bidii, na wasio nayo waliachana na jambo hilo. Kuachilia huko kunaonekana kama kushindwa kwa sababu tumelishwa sana kauli za kutokata tamaa. Lakini ndoto isiyofikiwa wala kuachwa hula miaka, na anayeibeba hana mikono ya kushika ndoto nyingine. Akiachilia udaktari bingwa anaweza kufungua duka la dawa muhimu ndani ya mwaka mmoja.

Msomaji mcha Mungu huenda anauliza kama ninaikejeli dua. Hapana. Katika baadhi ya makanisa mafundisho ya kukiri, yaani kutamka kwa imani kwamba umeshapata unachokiomba, yaliyoenezwa sana na Kenneth Hagin wa Oklahoma, yana sauti inayokaribiana na hii, na wanazuoni wamebishana muda mrefu ni kiasi gani yalichota kutoka Fikra Mpya. Ubishi huo ni wao. Mimi naona tofauti moja iliyo wazi: dua ina anayeombwa, na anayeombwa anaweza kukataa, kuchelewesha au kutoa kingine. Muumini akikosa anaweza kusema Mungu hakupenda, akainuka na heshima yake. Sheria ya mvutano haina wa kukataa. Ulimwengu hutii siku zote. Kwa hiyo ukikosa, aliyekosea ni wewe, uliwaza vibaya.

Hapo ndipo inapogeuka ukatili, hasa kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mwanamke mwenye saratani anaambiwa na shosti yake kwamba atoe hofu ndani yake ndipo atapona. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Walitazama kama hali yao ya moyo ilitabiri nani ataishi muda mrefu zaidi. Haikutabiri. Matumaini yana kazi nyingine: imani ya mgonjwa juu ya tiba huweza kupunguza maumivu na kichefuchefu anavyovihisi, na mgonjwa mwenye moyo huhudhuria kliniki. Uvimbe hausikilizi. Kama una mgonjwa, mwache alie akitaka kulia, na wewe uhakikishe nauli ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road ipo.

Kuhusu walimu wanaotoza ada, nitakuwa mkali kidogo. Oktoba 2009 James Arthur Ray, mmoja wa walioonekana kwenye filamu ya Byrne, aliwaingiza wafuasi wake katika hema la joto kali karibu na Sedona, Arizona. Walikuwa wamelipa karibu dola 10,000 kila mmoja ili wavuke mipaka yao. Walipoanza kuzidiwa walihimizwa kuendelea. Watatu walifariki, na mwaka 2011 mahakama ilimtia Ray hatiani kwa kuua kwa uzembe, akafungwa. Semina nyingi hazifiki huko. Hasara yake ni ada na wikiendi. Lakini tabia ni ileile, ya kufanya onyo la mwili au la mfuko lionekane udhaifu wa imani.

Kabla hujalipa, muulize mwalimu maswali ya mwenye duka: waliohudhuria mwaka jana walikuwa wangapi, ni wangapi walipata walichokuja kukitafuta, na pesa zake mwenyewe zimetokana na nini hasa kama siyo ada za semina? Uliza mbele ya wengine, kwa adabu, na usubiri tarakimu. Akisema swali lako lina nishati mbaya, chukua mkoba wako uondoke kabla ya chai ya saa nne. Kama umeshalipa, dai risiti yenye jina la biashara yake na ujumbe wa simu unaoonyesha muamala, uvitunze. Na kama alikushauri ukope ili kuuthibitishia ulimwengu kwamba uko tayari, usiende kwa wale wakopeshaji wa kausha damu hata kwa wiki moja.